Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumhudumia mgonjwa transjenda katika hospitali na zahanati zetu

Maswali haya yametoka vinywani mwa wauguzi, matabibu, wahudumu wa maabara, makarani wa rekodi na askari wa getini tuliokaa nao katika mafunzo hapa Pwani ya Kenya. Mengine yaliulizwa kwa hasira mbele ya darasa zima, mengine kwa kunong'onezwa wakati wa chai. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu pale. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi hii miaka mingi kabla ya kuanza kuwafunza wenzangu.

Mgonjwa si ni mgonjwa tu? Kwa nini tukae siku mbili kwa ajili ya watu wachache hivi?

Nami niliamini hivyo. Kisha asubuhi moja, nikiwa zamu katika zahanati fulani, nikachukua kadi ya juu kwenye rundo na kuita jina kama lilivyoandikwa: majina matatu ya kiume, kwa sauti ya kufika mlangoni. Akainuka dada mmoja aliyevaa dera, mtandio begani. Benchi zima likamgeukia. Kijana mmoja akacheka, mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Yule dada akasimama pale kidogo, mkono umeshika ukuta, kisha akageuka akatoka nje. Kwenye kadi mwenzangu wa vipimo vya awali alikuwa ameandika maneno matatu: kikohozi, wiki tatu. Kila anayefanya kazi hii anajua kikohozi cha wiki tatu kinataka makohozi yapimwe kifua kikuu. Hakurudi, na nambari ya simu aliyoacha haikupatikana tena.

Sikumtukana. Sikumnyima dawa. Niliita jina tu, na hilo lilitosha kumfukuza.

Kuna visa vilivyoandikwa zaidi kuliko changu. Agosti 1995 mjini Washington, Tyra Hunter alipata ajali ya gari. Wahudumu wa dharura walipokata nguo zake na kuona maumbile yake, huduma ilisimama na maneno ya kejeli yakaanza. Alifariki hospitalini. Mwaka 1998 jopo la mahakama lilimpa mama yake fidia ya karibu dola milioni 2.9. Katika jimbo la Georgia, Robert Eads, mwanamume transjenda, yaani aliyesemwa msichana alipozaliwa, aliugua saratani ya ovari. Madaktari zaidi ya 12 walimkataa, baadhi wakihofia wagonjwa wao wengine wangeona aibu kukaa naye. Alifariki Januari 1999. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2015 uliowahoji watu transjenda 27,715 nchini Marekani, asilimia 23 walisema katika mwaka uliotangulia walihitaji daktari wakaacha kwenda kwa kuogopa kudhalilishwa. Hao ni wagonjwa ambao hutawaona kwenye rejesta yako, kwa hiyo utasema ni wachache.

Transjenda ni nani hasa? Ndiyo hao tunaowaita huntha? Ndio mashoga?

Ni vitu vitatu, na darasani hapa ndipo tunapotumia muda.

Huntha, au mtu mwenye jinsia mbili, ni suala la mwili aliozaliwa nao: viungo, kromosomu au homoni ambazo haziangukii moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo. Transjenda ni mtu ambaye alipozaliwa mkunga alisema "ni mvulana" au "ni msichana", naye akikua anajijua kuwa siye. Aliyesemwa mvulana na kujijua mwanamke ni mwanamke transjenda. Kinyume chake ni mwanamume transjenda. Kumpenda nani ni jambo la tatu. Mtu transjenda anaweza kupenda wanawake, wanaume, wote, au asitake mtu.

Hilo neno la pili ulilolitaja, shoga, liache nyumbani. Bibi zetu Mombasa waliitana hivyo kwa mapenzi, mwanamke na rafikiye wa kike, lakini leo ukilitamka kwenye wodi linapiga kama kofi.

Si ni ugonjwa wa akili?

Shirika la Afya Duniani lililitoa jambo hili katika sura ya magonjwa ya akili. Orodha mpya ya magonjwa, ya 11, iliidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Humo limewekwa katika sura ya afya ya ujinsia, na limeachwa kwenye orodha kwa sababu wanaohitaji matibabu wasikose njia ya kuyapata. Huzuni, wasiwasi na mawazo ya kujiua utayakuta, na uyatibu kama unavyoyatibu kwa mwingine yeyote. Lakini mgonjwa akikwambia amefukuzwa nyumbani, amekosa kazi na analala chumba cha rafiki, usiandike kwamba chanzo ni utransjenda wake.

Wengine huuliza kama ushauri nasaha au maombi yanaweza "kumrudisha". Tiba za kubadilisha mtu zimekataliwa na vyama vikubwa vya madaktari na wanasaikolojia duniani kwa sababu zinaumiza. Usimpeleke mgonjwa huko.

Nimwiteje?

Kiswahili kimetubeba. Daktari wa Kiingereza hukwama kwenye kila kiwakilishi. Sisi tukisema "anaumwa tangu jana, mpeleke maabara" hatujasema mume wala mke. Tunapojikwaa ni kwenye heshima zetu. Muuguzi wa Pwani hamalizi sentensi bila "mama", "baba", "kaka", "dada" au "bi mkubwa". Ni adabu nzuri, na ndiyo hiyo inayokata.

Njia ni kuuliza, na kumuuliza kila mtu ili mmoja asione ametengwa: "Ungependa tukuite nani?" Akisema Bi Zuhura, basi ni Bi Zuhura mpaka duka la dawa. Kabla hujauliza, lugha ina maneno ya kutosha: mwenzangu, ndugu yangu, kwa kijana mwanangu, kwa mtu mzima shikamoo, ambayo haichagui.

Jina la kitambulisho linabaki pale linapotakiwa kisheria, kwenye bima ya SHA na fomu za rufaa. Jina la kuitwa liandike juu ya faili, mahali ambapo anayefuata ataliona kabla hajafungua mdomo. Vituo vilivyoanza kuita wagonjwa kwa namba vimemaliza nusu ya tatizo, na wagonjwa wengine wote wamefurahi pia. Nani anapenda jina lake litangazwe kliniki ya magonjwa ya zinaa?

Ukikosea, sema "samahani", sahihisha, endelea na kazi. Nimeona wauguzi wakiomba msamaha dakika tano hadi mgonjwa anaanza kuwabembeleza wao.

Naruhusiwa kuuliza kuhusu viungo vyake?

Uliza kile ambacho ugonjwa wake unakitaka. Amekuja na malaria: pima malaria. Amekuja na jipu mguuni: angalia mguu. Wagonjwa hawa wamenisimulia mara nyingi jinsi kila daktari hugeuza mafua yao kuwa habari ya homoni, na jinsi chumba hujaa ghafla, mara mwanafunzi, mara sista kutoka wodi nyingine anayetafuta mkasi. Mwili wa mgonjwa haufanyiwi maonyesho. Anayeingia awe na kazi, na mgonjwa awe ameridhia.

Maumivu ya tumbo la chini, kutokwa na usaha, matatizo ya mkojo: hapo unahitaji kujua viungo vilivyopo, na sababu umwambie. "Nataka kujua kama una mji wa mimba, kwa sababu maumivu haya yanaweza kutoka hapo." Watu hujibu vizuri wakijua swali linakwenda wapi. Wengine hawapendi majina ya kawaida ya viungo vyao. Muulize anaviitaje, nawe utumie neno lake.

Mwanamume transjenda huweza kuwa amekaza kifua kwa kitambaa au fulana ya kubana. Usiivute. Mwambie unahitaji kusikiliza mapafu, mpe shuka, mgeuzie mgongo akiilegeza. Anayekohoa au mwenye maumivu ya mbavu mweleze kwa upole kwamba kubana kutwa nzima kunazuia pumzi isishuke.

Mimi si mtaalamu wa homoni. Si nimpe rufaa tu?

Rufaa kwenda wapi? Afrika Kusini wana kliniki ndani ya hospitali za umma kama Groote Schuur ya Cape Town, na chama cha matabibu wa VVU cha huko kilitoa mwongozo wa huduma hizi mwaka 2021. Kwetu wanaoandika homoni ni wachache mno. Kwa hiyo wagonjwa hujitibu: hununua kwa kemisti vidonge vya kupanga uzazi na kumeza vitatu, vinne, hata zaidi kwa siku, au huchomwa sindano ya miezi mitatu bila mpangilio. Hili ndilo somo ambalo ningetaka tabibu alibebe hata akisahau mengine yote.

Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina ethinilestradioli. Aina hii ya estrojeni huongeza sana hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ndiyo maana miongozo ya leo inaikataza kwa wanawake transjenda na kupendekeza estradioli. Anayemeza vidonge vinne, anavuta sigara na amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Nairobi, akija na muundi mmoja uliovimba au kifua kinachouma akivuta pumzi, fikiria damu iliyoganda kabla ya kitu kingine. Hutaifikiria kama hajakwambia anameza nini, na hatakwambia kama ulimcheka mlangoni.

Ukigundua anajitibu, usimkaripie wala usimwamuru aache vyote leo. Akitoka atanunua vilevile, tofauti ni kwamba hatakuambia tena. Andika dawa, kipimo na muda. Pima shinikizo la damu. Uliza sigara, kipandauso, damu kuganda katika familia. Mweleze hatari kwa maneno mepesi, mpunguzie kwanza kile cha hatari zaidi, kisha utafute daktari wa homoni wa kushauriana naye hata kwa simu. Wanaotumia spironolaktoni kuzuia homoni za kiume wapimwe potasiamu na figo. Wanaotumia testosteroni wapimwe wingi wa damu, maana huweza kuwa nzito kupita kiasi.

Maabara inataka M au F. Niandike nini?

Maabara isome kwa mwili ulivyo sasa. Himoglobini ya mwanamume aliyetumia testosteroni mwaka mzima hupanda kufikia viwango vya kiume. Ukiisoma kwa viwango vya kike utaogopa bure. Andika pembeni dawa anazotumia, umpigie simu mhudumu wa maabara. Na tezi dume hubaki hata baada ya upasuaji wa kutengeneza uke, hivyo mwanamke transjenda mwenye umri mkubwa na shida ya mkojo bado ana tezi dume ya kuchunguzwa.

Mwanaume anaweza kushika mimba?

Mwanamume transjenda mwenye mji wa mimba na ovari, ndiyo. Testosteroni husimamisha hedhi lakini haizuii mimba, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mpe uzazi wa mpango kama anauhitaji. Shingo ya kizazi ikiwepo, ichunguzwe saratani kwa ratiba ileile ya wanawake wengine, na umpe saa ambayo hatakaa peke yake kwenye benchi la kina mama akitazamwa.

Mwaka 2019 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha kisa ambacho nakisoma kwa sauti kila darasa. Mwanamume wa miaka 32 alifika hospitali na maumivu makali ya tumbo. Aliwaambia ni transjenda na kwamba alijipima nyumbani akakuta ana mimba. Rekodi ilisema mwanamume. Muuguzi akaona mtu mnene mwenye shinikizo la juu aliyeacha dawa zake, akamweka kwenye foleni ya wasio na haraka. Saa kadhaa zikapita kabla daktari hajamchunguza na kukuta kamba ya kitovu imemtangulia mtoto. Mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikika. Mtoto alizaliwa amekufa. Kisa hakitaji tusi lolote. Herufi moja kwenye kompyuta ilifunga macho ya watu waliosomea kazi yao, na ndiyo sababu tunasema heshima na maarifa viende pamoja.

Kuhusu VVU?

Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 15, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta wanawake transjenda 19 kati ya kila 100 wanaishi na VVU. Mfuate kama mtu anayehitaji vipimo na kinga, bila kumchukulia kwamba anauza mwili. Swali la kwanza atakalokuuliza ni kama ARV zitaua homoni zake, na usipokuwa na jibu ataacha ARV, si homoni. Mwambie dolutegraviri, ambayo wagonjwa wetu wengi wanatumia, haina ugomvi na estradioli. Asiye na VVU, dawa ya kinga ya kumeza aimeze kila siku. Ule mpango wa kumeza kabla na baada ya tendo haupendekezwi kwa anayetumia estradioli.

Na watoto?

Hapa nenda taratibu. Uingereza, Sweden na Finland zimebana utoaji wa dawa za kusimamisha balehe baada ya kupitia upya ushahidi, na Machi 2024 huduma ya afya ya Uingereza iliacha kuzitoa kama tiba ya kawaida. Vyama vya madaktari wa Marekani vimekuwa na msimamo tofauti. Katika zahanati zetu mjadala huo hautufikii, kwa kuwa hakuna anayetoa dawa hizo. Kinachotufikia ni mtoto wa miaka 14 aliyeletwa na mjomba wake akiwa na alama za fimbo mgongoni. Mtibu majeraha, zungumza naye faraghani, ripoti ukatili kama unavyoripoti kwa mtoto mwingine yeyote.

Dini yangu hainiruhusu.

Swali hili sikuwahi kulikosa, na sijawahi kulidharau. Mimi mwenyewe ni mtu wa swala. Masheikh hawasemi kauli moja: Iran, Ayatollah Khomeini alitoa fatwa katika miaka ya 1980 iliyoruhusu tiba ya kubadili jinsia, na maulamaa wengi wa Kisunni hawakubaliani naye. Sitaki kumaliza mjadala huo kwenye ukumbi wa hospitali. Hakuna anayekutaka ubadili itikadi yako. Kinachotakiwa ni mikono yako, ulimi wako na siri ya mgonjwa. Tunawatibu majambazi waliopigwa mawe na madereva walevi waliogonga watoto, wala hatuwaulizi toba kwanza. Ukiona kabisa huwezi, mkabidhi mwenzako kimyakimya, mgonjwa asijue kwa nini. Kwenye dharura huna ruhusa hiyo.

Sheria ya Kenya itanishika?

Kwa kumtibu mgonjwa, hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma ya afya na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Cha 31 kinalinda faragha. Kanuni ya Adhabu inazungumzia matendo ya ngono, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo Mei 2019, lakini hakuna kosa linaloitwa kuwa transjenda. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kisicho na alama ya jinsia. Kumtangaza mgonjwa, kumpiga picha au kutuma habari zake kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ndiko kunakoweza kukufikisha kortini. Wenzetu wa Uganda na Tanzania waulize wanasheria wao. Mazingira yao ni magumu zaidi.

Siku mbili zinaweza kubadilisha mtu?

Chuoni wengi hatukupata hata saa moja, na si sisi peke yetu. Uchunguzi wa vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada uliotoka mwaka 2011 ulikuta wastani wa saa tano tu kwa miaka yote ya masomo, na hizo kwa wanaopenda wa jinsia yao na watu transjenda kwa pamoja. Hapa Pwani kuna ushahidi wa jambo la karibu. Watafiti waliwafuatilia wahudumu 74 waliofunzwa kuwahudumia wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Miezi mitatu baadaye maarifa yalikuwa yamepanda na chuki imepungua, na waliopungukiwa zaidi ni wale walioingia darasani nayo nyingi. Nimeliona kwa macho. Anayegonga meza siku ya kwanza mara nyingi ndiye anayebaki siku ya pili kuuliza dozi.

Kinachobadilisha ni kukaa na mtu. Asubuhi ya pili tunamwalika mtu transjenda, kwa ridhaa yake na akilipwa siku yake kama mwezeshaji mwingine yeyote, asimulie alivyopokelewa hospitali. Slaidi zangu zote haziifikii saa hiyo.

Mbona mnamfunza hadi askari wa getini?

Kwa sababu ndiye anayeomba kitambulisho. Picha ya kijana mwenye sharubu, mbele yake dada mwenye hina mikononi. Akipaza sauti "hii ni ya nani?", mafunzo yetu yote yaliyobaki hayana mtu wa kuhudumiwa. Katika kituo kimoja askari aliniuliza aseme nini, maana kukagua ni kazi yake. Tukafanya mazoezi palepale kivulini, mimi nikiwa mgonjwa. Akaipokea kadi, akaitazama, akanitazama, akairudisha kwa mikono miwili: "Karibu. Dirisha la pili, chukua namba."